Kongole kwa Faili Liitwalo INSTALL

Katika maandishi yote ya programu huria, sentensi ninayoienzi kuliko zote ni ile isemayo: "Kabla ya kuanza, hakikisha una vitegemezi vyote." Ina adabu, haina neno la ziada, na haikwambii kitu. Ni kama mwenyeji anayekuelekeza kwake kwa kusema nyumba iko karibu na mwembe, katika mtaa wenye miembe arobaini.

Kwa asiyelijua faili hili la INSTALL, programu huria za barua pepe humfikia mtu kwa njia mbili. Muungwana hupakua ile iliyokwisha kuundwa, akabofya, akasoma barua zake, akalala. Mwingine, kwa sababu anazozijua yeye na Mola wake, huchukua msimbo chanzi akaiunda kwa mkono wake. Huyo ndiye mgeni wa INSTALL: ukurasa mmoja au miwili unaotaja vitegemezi, yaani kompaila gani na maktaba zipi, na amri ipi itangulie. Hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa kuuandika. Nao huanza kuchacha siku ileile unapopikwa.

Nilikutana nao ana kwa ana usiku mmoja, nikiunda programu ndogo ya barua pepe ya kwenye terminali. Jina lake nalisitiri, maana walioitengeneza ni watu wema na wala hawanidai. Nilikuwa na bando la usiku, lile la kuanzia saa sita. Waraka ulisema niandike python, kisha jina la hati fulani. Nikaandika. Kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haiijui, ila labda nilitaka kusema python3? Python 2 ilifungasha virago tarehe 1 Januari 2020, na waraka ulikuwa haujapata habari za msiba. Nikaongeza 3. Hati haikuanza hata. Nikaonyeshwa neno print lisilo na mabano. Nikatia mabano. Nikaonyeshwa print ya pili. Kufika saa tisa nilikuwa nimeivalisha mabano hati nzima, barua sijaona hata moja, lakini marehemu Python 2 nilikuwa namjua kama niliyeishi naye. Waraka ulio sahihi ungenipa nini? Dakika tano, na usingizi.

Wakubwa nao wamechangia elimu hii. Chukua Thunderbird, programu ya barua pepe ya Mozilla, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na ambayo imejengwa juu ya msimbo uleule wa kivinjari cha Firefox. Kwa takribani miaka 15 maelekezo ya kuiunda yalikutaka uwe na Autoconf 2.13, chombo cha kuandaa uundaji wa programu, cha Januari 1999. Wenye Autoconf walishasonga mbele: 2.50 mwaka 2001, 2.69 mwaka 2012. Mozilla wakabaki na mzee wao, na wenye Linux ya Debian wakamwekea kifurushi chake peke yake, autoconf2.13, kama babu aliyejengewa kibanda uani. Kijana aliyezaliwa mwaka huo wa 1999 aliweza kumaliza sekondari, akaja kuombwa na kompyuta kitu cha umri wake.

Halafu kuna suala la nani anakaa kwa nani. Zamani msimbo wa Thunderbird, yaani comm-central, ndio uliokuwa nyumba, na msimbo wa Mozilla ulikuwa mpangaji ndani yake. Kufikia toleo la 60, la mwaka 2018, mambo yalikuwa yamegeuka: Mozilla ndiyo nyumba, Thunderbird imehamia chumba kimoja kiitwacho comm. Kila aliyekuwa na maelekezo ya zamani alijikuta anabisha hodi kwenye mlango uliozibwa. Ndani ya mozconfig, faili la mipangilio ya kuunda, maneno --enable-application=mail yakawa --enable-application=comm/mail, kisha application nayo ikawa project. Na mstari huo si wa kuchezea. Usipouandika, kompyuta haitalalamika hata kidogo. Itakula sehemu ya zile GB 30 za diski ulizoshauriwa kuziacha wazi, itanguruma feni, na mwisho wa yote itakukabidhi kwa heshima Firefox iliyokamilika. Umemtuma mtoto kiberiti dukani, karudi na mwenye duka.

Siku hizi Thunderbird ina amri ya ./mach bootstrap inayokutafutia vitegemezi vingi yenyewe. Sina ugomvi nayo, ila nasikitika kwamba kuna vijana watakaokua bila mkesha.

Faili hili ni mwalimu wa lugha pia. Mswahili anajua kwamba ugali wa Dar ndio sima ya Mombasa na bukari wa Lubumbashi, na wala hashangai. INSTALL humpa somo hilohilo. Kinachoitwa libssl-dev kwenye Linux za Debian na Ubuntu, kwenye ile ya Fedora ni openssl-devel. Maktaba inayoisaidia programu kujitambulisha kwa seva ya barua, libsasl2-dev, ukivuka ng'ambo inaitwa cyrus-sasl-devel. Chakula ni kilekile. Ila aliyeandika waraka ni mtu wa kijiji kimoja, kaandika jina la kwao na kuamini dunia nzima inaita vile. Ukikwama unajifunza lahaja, na lahaja hazijawahi kumdhuru mtu.

Kazini kuna kijana aliyenijia juzi na uso wa mtu aliyefiwa.

"Kaka, INSTALL inasema toleo la 3 la hii maktaba. Mimi ninalo la 4. Niliteremshe?"

"Iliandikwa lini?"

Akatazama. "2014."

"Basi hiyo isome kama wosia, mdogo wangu."

Alicheka, akaenda kujaribu na la 4, ikakubali. Hakuna kitabu kingempa ujasiri huo wa kutomwamini mkubwa wake.

Wapo wanaouliza kwa nini wenye mradi wenyewe hawaukarabati waraka huu, na mimi huwatetea. Hawawezi. Mtu aliyeiunda programu yake mara elfu ana kompyuta iliyokwisha kushiba kila kitegemezi. Kile cha mwaka juzi kimo, cha wiki iliyopita kimo, hata kile alichokiweka kwa ajili ya kazi nyingine na kukisahau kimo. Akifuata maelekezo yake yote yanakubali, hata yenye mapengo. Katika mradi mzima, yeye ndiye asiyeweza kuyaona makosa ya waraka wake. Anayeyaona ni mgeni mwenye mashine tupu, usiku wa kwanza, tena mara moja tu: akishafanikiwa, mashine yake nayo imeshiba, na upofu umemwingia kama mwenyeji. Jambo hili nililielewa saa kumi alfajiri, nikaona kama siandiki sasa hivi sitaandika tena.

Basi nikawatumia wenye mradi kiraka, yaani marekebisho. Nilibadilisha mistari miwili: python ikawa python3, na kando ya jina la Debian nikaongeza la Fedora. Hati yenye mabano niliituma kando, na hiyo ndiyo iliyojadiliwa kwa siku nyingi, maana msimbo una wenyewe. Mistari yangu miwili ya waraka ilipokelewa kimya, bila swali wala asante, kama sadaka inayotiwa kwenye kisanduku gizani. Nimeiangalia mara nyingi kuliko nilivyoziangalia picha za harusi yangu.

Na wewe utakayefungua faili la INSTALL usiku wa leo, ombi langu ni dogo. Ukifika mstari wa tano ukakuta jina la kitu kisichokuwepo tena, usilale bila kuurekebisha na kuutuma. Lakini urekebishe huo tu. Wa sita mwachie anayekuja nyuma yako.