Chakula cha Miungu

Juzi jioni bibi jirani aliegemea uzio, akautazama mmea wangu uliokwisha kunipita kimo, akapiga chafya tatu, kisha akaniuliza kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya: "Mwanangu, hili gugu unalimwagilia la nini?"

Gugu! Mmea niliounywesha tangu Mei, nikaufungia kijiti usianguke, nikapiga nao picha nikawatumia ndugu Morogoro. Hata mchungaji alipokuja kutuombea, nilimpeleka uani akauone kwanza, ndipo akapewa chai.

Nilichopanda mimi ni ua la mbugani la hapa hapa Iowa, wenyewe wanaliita mmea wa dira. Ngoja nikueleze, maana mpaka leo linanisisimua. Majani yake hayalali kama ya mimea yenye adabu. Yanasimama wima, kingo zikielekea kaskazini na kusini, uso mmoja mashariki na wa pili magharibi, hivyo yanaota jua la asubuhi na la jioni, na lile kali la adhuhuri linapita bila kuyababua. Na mzizi! Unaweza kushuka mita 4 na ushei. Aldo Leopold, yule mwandishi wa mambo ya porini, alitaka kuuhamishia mmoja shambani kwake. Akachimba nusu saa, akaacha. Ndiyo maana mwaka wa kwanza huoni kitu ila vijani viwili vitatu vya kuhurumiwa: mtaji wote umezikwa chini. Maua yake ya manjano, mfano wa alizeti, utayangoja miaka kadhaa.

Sasa vile vijani vya kuhurumiwa niliving'oa mwenyewe, huku navisonya, ili jitu langu lipate nafasi. Na jitu lenyewe, bibi akanifahamisha, ndilo linaloupigisha mtaa mzima chafya kila Agosti. Mche mmoja waweza kumwaga hadi chembe bilioni 1 za chavua. Jina lake la kisayansi ni Ambrosia, chakula cha miungu ya Wayunani. Nami wiki tatu nilikuwa nameza vidonge vya mafua nikikilaumu kiyoyozi.

Na mbegu za dira, kabla ya kupandwa, zililazwa kwenye friji miezi miwili, ndani ya mchanga wenye unyevu, kwa kuwa bila baridi haziamki. Shemeji akatupa nusu akidhani ni choroko zilizooza.

Kisha manispaa ikaniandikia: mimea imepita kimo, fyeka au ulipe. Hapo nilikasirika kweli. Mbuga ilifunika sehemu kubwa ya Iowa. Iliyobaki leo haifiki sehemu 1 katika 1,000. Zile nyasi fupi za uani zinazolindwa kwa sheria zilitoka Ulaya, na hakuna anayeziuliza, "Lakini hasa kwenu ni wapi?" Mimi naulizwa kila nikipanga foleni dukani.

Dira imebaki moja, nyuma ya pipa la taka, ina majani mawili. Ukija kutusalimia, tafadhali pitia mlango wa mbele.