Tamasha Kubwa au Dogo: Mwongozo kwa Mwenye Masikio Mawili na Miguu Miwili

Kabla hujatoa pesa ya kiingilio, jiulize utasimama wapi. Bango litakutajia wasanii, tarehe na bei. Mahali pako wewe halipataji, na hapo ndipo usiku wako wote utakapoamuliwa.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 340 hivi kila sekunde. Ukiwa umbali wa mita 100 kutoka jukwaani, mdundo hukufikia ukiwa umechelewa karibu sekunde 0.3. Taarabu ya mwendo wa pole itakusamehe. Singeli haisamehi: singeli ya mapigo 200 kwa dakika hupiga pigo moja kila sekunde 0.3, kwa hiyo wewe wa kule nyuma unachezea pigo ambalo aliyelipiga ameshaliacha. Unamwona ameinua mkono, unasikia ameshusha. Jirani yako anacheza kwa kutazama, wewe unacheza kwa kusikia, ndiyo maana mnakanyagana. Mafundi mitambo wa matamasha makubwa husimika spika nyingine katikati ya uwanja, lakini hata hizo huzichelewesha makusudi ili ziende sawa na zile za jukwaani. Sauti itakuwa safi. Macho na masikio yako yatabaki na ugomvi wao.

Kwa hiyo pima hivi: kama utaviona vidole vya mpiga gitaa, unakwenda kusikiliza muziki. Kama huvioni, unakwenda kwa ajili ya watu. Safari zote mbili ni halali, ila ujue unafunga ipi, maana aliyetaka gitaa akapewa migongo ya watu hurudi nyumbani amenuna, na aliyetaka watu akapewa wazee arobaini waliokaa kwenye viti vya plastiki hununa zaidi.

Umati una utamu wake, nao hauna mbadala. Maelfu ya watu wakiujua wimbo mzima, msanii akanyamaza na kuwaelekezea kipaza sauti, hakuna spika ya nyumbani itakayokupa kitu hicho. Matamasha ya redio yanayozunguka mikoani humfikishia kijana wa Musoma au Sumbawanga sura ya mtu aliyezoea kumsikia tu. Na kuna mahali ambapo umati ndio habari yenyewe. Goma ilitekwa na waasi wa M23 Novemba 2012, na mwaka 2014 mji huohuo ukaanzisha Tamasha la Amani. Mtu aliyesimama pale katikati ya maelfu ya wenzake hakuhitaji kuona vidole vya mtu. Alihitaji kuona kwamba wamekuja.

Basi ukichagua kubwa, jiandae kikubwa. Vaa raba za kufunga kamba. Ndala zitabaki uwanjani na wewe utarudi peku. Beba pesa taslimu, kwa sababu simu elfu kadhaa zikishika mnara mmoja, hata kulipia maji kwa simu hushindikana, na muuza maji hakopeshi usiku. Kubalianeni mahali pa kukutana mapema, kabla ya kupotezana. Msiseme kwa muuza mishikaki, kwani mishikaki ikiisha naye kaondoka. Semeni kwenye jenereta. Jenereta haihami, tena utaisikia kabla hujaiona. Halafu lala mchana. Bango likisema saa mbili usiku, msanii uliyemfuata atapanda mwisho, na mwisho huo mara nyingi ni baada ya saa sita. Nimewaona watu waliosafiri mikoa miwili wakisinzia juu ya pochi zao wakati yule waliyemfuata anaimba.

Sasa rudi kwenye bango, ukalisome kwa hesabu. Tuseme lina majina 30 kwa usiku mmoja, kuanzia saa mbili hadi saa kumi alfajiri. Hizo ni saa nane, yaani dakika 480. Kila msanii anapata dakika 16, ukijumlisha na emsii anayeuliza mara tatu kama mpo. Katika dakika 16 hakuna bendi itakayopanga ngoma, ikatia magitaa moto, ikajaribu matarumbeta na kupiga wimbo. Utasikia watu wakiimba juu ya muziki uliorekodiwa. Kama unalipenda hilo, nunua tiketi kwa furaha. Ila bango lenye majina sita au saba lina nafasi ya bendi kuchanganya, na wapenzi wa rumba wanajua kwamba sebene ikianza, dakika 16 ni za kupasha viungo.

Kuna jambo moja kuhusu umati ambalo nataka ulishike hata ukisahau mengine yote. Watu wakifikia watano au zaidi katika kila mita moja ya mraba, mtu huanza kushindwa kutembea kwa hiari yake. Umati ndio unaomwendesha. Roskilde, Denmark, mwaka 2000, vijana tisa walikufa wakibanwa mbele ya jukwaa wakati Pearl Jam ikipiga. Houston, Novemba 2021, watu kumi walikufa katika tamasha la Astroworld. Hawa walikuwa wapenzi wa muziki waliosimama mahali ambapo kila mpenzi wa muziki hutamani kusimama. Kipimo chako ni pua: ikikuwasha na huwezi kuinua mkono kuikuna, umeshachelewa kidogo, toka. Kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usishindane na msukumo, ngoja ulegee, kisha sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Mwinue aliyeanguka. Wimbo utaumalizia pembeni, na pembeni wimbo ni uleule.

Masikio nayo yana bajeti. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inahesabu kwamba sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa nane, na ya desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Mbele ya spika kubwa hizo 15 zinakwisha kabla emsii hajamaliza kuwashukuru wadhamini. Pamba haisaidii kitu. Vizibo vya sponji vinasaidia, na mtoto usimpeleke mbele ya spika kabisa, hata kama mjomba wake ndiye anayepiga kinanda.

Haya, tuje kwenye dogo, ambako moyo wangu umelalia.

Tamasha dogo lina fundi mitambo mmoja. Msalimie kwa heshima na usimkaribie na soda. Litaanza kwa kuchelewa, na muda huo wa kuchelewa utamwona mpiga ngoma akiikaza ngoma yake na mwimbaji akigombana na nyaya. Vyote hivyo vimo ndani ya kiingilio. Pale Bagamoyo, tamasha la sanaa lililoanza mwaka 1982 lilikuwa jukwaa la Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, na hadi leo unaweza kumwona mwanafunzi akicheza ngoma mbele ya mwalimu wake, huku watoto wa mji wamekaa chini mbele kabisa. Wale watoto ndio majaji wakali. Wakianza kuongea, ngoma imepoa.

Lakini sababu yangu kubwa ni kutunza. Katika taarabu, mwimbaji akifika kwenye neno linalokuhusu, unanyanyuka, unakwenda mbele kwa madaha, noti juu, unamtunza mbele ya watu wote, na aliyekusudiwa anajua amekusudiwa. Hapo wewe umeongeza ubeti bila kufungua mdomo. Mwimbaji anakuona, anaurudia mstari, anaukoleza, bendi inamfuata, na wimbo uliokuwa wa dakika kumi unakuwa wa ishirini kwa sababu yako. Kwenye uwanja wa watu elfu ishirini kuna uzio wa chuma, kisha mabaunsa, kisha pengo la mita tatu hadi jukwaani. Noti yako haifiki. Muziki wetu mwingi umejengwa kwa mtu kuweza kufika mbele, na ukimzuia asifike umeondoa chombo kimoja katika bendi.

Kwa hiyo mahali ninapopapenda kuliko pote ni Ngome Kongwe, Unguja, kila Sauti za Busara inapofanyika. Tamasha hili lilianza Februari 2004, na msisitizo wake ni muziki unaopigwa laivu. Ngome yenyewe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na zile kuta za kuzuia adui leo zinazuia tamasha lisivimbe. Huwezi kuongeza watu kuliko kuta zinavyoruhusu. Ukichoka unatoka mlangoni, unavuka kwenda Forodhani, unakula urojo, unarudi ndani. Februari pia ni mwezi wenye akili, kwani masika huanza Machi.

Lakini mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Kwa hiyo nakuomba jambo moja bila utani: tamasha dogo lilipie. Usimpigie simu binamu yako aliyeko mlangoni. Usiseme unaingia mara moja tu kumtafuta mtu. Lile kubwa lina wadhamini wa kufunika ukuta mzima. Hili dogo, kiingilio chako ndicho mafuta ya jenereta.

Na usilidharau kwa udogo wake. Glastonbury ya Uingereza mwaka 1970 ilikuwa ya watu kama 1,500 kwenye shamba la maziwa, kwa kiingilio cha pauni moja, na maziwa ya bure juu. Leo inabeba zaidi ya watu 200,000. Singeli ilikulia kwenye sherehe za mitaani huko Manzese, Tandale na Mburahati, ambako jukwaa ni kipande cha barabara, kabla haijafika kwenye tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka 2015. Waliokuwa pale mtaani waliisikia bila kuchelewa hata nusu ya pigo.

Mwenye pesa ya tamasha moja tu kwa mwaka, mimi namwelekeza kwenye dogo. Nenda na mama, nenda na shangazi. Wao wanajua wakati wa kunyanyuka. Chenji ya noti ndogondogo itafute mchana, maduka yakiwa wazi. Nauli ya kurudi iweke mfuko mwingine, kwa sababu wa kwanza utaumaliza kwa kutunza.