Sifa za Kichefuchefu cha Bahari

Watu wa wadi ya Pioneer, Eldoret, tumejaliwa. Agosti 2024 mji wetu ulipewa hati ya kuwa jiji, uwanja wa ndege wa kimataifa uko upande wetu wa mji, na tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo wageni hulipa nauli ya ndege ili waje kukimbia katika hewa yetu nyepesi. Ukituuliza tumepungukiwa na nini, tutakutajia lami na maji ya mfereji. Si kweli hata kidogo. Tumepungukiwa na kichefuchefu cha bahari, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kukisifu, kazi hiyo naifanya mimi.

Kilicho bora hakipatikani kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa. Pale unavuka dakika chache juu ya maji yaliyolala, na mtoto anashuka ng'ambo akidai chakula. Kilicho bora kiko kati ya Unguja na Pemba, tena wakati wa upepo wa kusi, mwezi wa Julai. Chombo kinang'oa nanga Malindi ya Unguja kwa adabu zote. Kisiwa kinakukinga upande wa mashariki, maji ni tulivu, watu wanakula chipsi na tende, watoto wanafukuzana kati ya viti. Mabaharia wanapita wakigawa mifuko. Mgeni wa bara anacheka, anatia karanga zake ndani ya ule wa kwake. Halafu Tumbatu inabaki nyuma, rasi ya Nungwi inaisha, na Bahari ya Hindi inaingia bila hodi. Yule wa karanga sasa anatafuta pa kuzimwaga, haraka.

Mbele ya kichefuchefu cheo hakina maana. Tikiti ya daraja la kwanza inakununulia kiti laini cha kuinamia, basi. Horatio Nelson, amiri wa Uingereza aliyeshinda vita vya Trafalgar mwaka 1805, aliugua bahari maisha yake yote ya ubaharia. Charles Darwin alizunguka dunia ndani ya meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836, na ugonjwa huo ukamwandama safari nzima. Na usidhani kupanda juu zaidi kunasaidia: Aprili 1985 Jake Garn, seneta wa Utah kule Marekani, alirushwa angani ndani ya Discovery, akaugua vibaya kiasi kwamba wanaanga wenzake wakalifanya jina lake kipimo cha utani cha kutapika. Wapo maseneta wengi waliohudumu muda mrefu wasiachie taifa kitu chochote kinachopimika.

Matatu zetu za Pioneer zinajaribu, nazisifu kwa juhudi. Mashimo yapo, muziki upo, na dereva ana haraka ya kwenda kupanga foleni. Lakini matatu ina udhaifu mmoja mkubwa: ukizidiwa unasema "shukisha hapo mbele" na mambo yamekwisha. Kati ya Nungwi na bandari ya Mkoani, Pemba, hakuna hapo mbele. Hakuna wa kumgongea bati. Mtu aliyezoea kutoka kwenye kila jambo linapomchosha, ndoa, chama au deni la sacco, kwa mara ya kwanza anakaa na jambo mpaka liishe.

Tena kichefuchefu kina akili. Ukiwa ndani ya chombo, macho yanaripoti kwamba kiti kimetulia na ukuta haujasogea. Sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mizani ya mwili, linaripoti kwamba tunapanda, tunashuka, tunalala ubavu. Mwili ukiletewa taarifa mbili zinazopingana kuhusu safari moja, unakataa kuendelea na kikao. Mwaka 1882 William James, yule mwanafalsafa wa Harvard, alieleza kwamba baadhi ya viziwi aliowachunguza hawakujua kuugua bahari ni nini, kwa sababu ile taarifa ya pili haikuwafikia. Anayetapika, kwa hiyo, ndiye mwenye masikio mazima. Sisi huku bara tumesomewa taarifa mbili zinazopingana kuhusu barabara moja, bajeti baada ya bajeti, na hatujatema hata mate. Ningekuwa daktari ningetuandikia vipimo.

Bahari yenyewe siifanyii mzaha. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi, na mamia walikufa. Hilo halikufanywa na kichefuchefu. Lilifanywa na tumbo la aina nyingine, lisilojua kusema limeshiba.

Maadui wa kichefuchefu wako wengi, nao wanajulikana: tangawizi, ndimu ya kunusa, vidonge, na wale wazee wa Pemba wanaokushauri ukae katikati ya chombo na utazame mbali, pale mbingu inapokutana na maji. Yote yanasaidia kidogo. Wapuuze.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1908 Makaburu wa msafara wa Van Rensburg walikuja kwa meli kutoka Lourenço Marques (Maputo ya leo) hadi Mombasa, wakapanda treni mpaka Nakuru, kisha mikokoteni ya ng'ombe hadi nyanda za Uasin Gishu, kwenye ardhi waliyogawiwa na asiyekuwa mwenyewe. Nataka kuamini kwamba bahari iliwatoza kitu njiani, maana huku juu hawakutozwa na aliyestahili.

Nina ombi kwa tume ya uchaguzi na vyama. Uchaguzi wa 2027 ni Agosti, kwa hiyo kampeni zitapamba moto Julai, kusi nayo ikiwa imepamba moto. Wagombea wote wa wadi yetu wapelekwe Unguja, wapakiwe pamoja usiku, na wakishapita Nungwi kila mmoja asimame asome ahadi zake za barabara kwa sauti. Atakayezisoma mpaka Mkoani bila kubadilika rangi asipewe kura hata moja: huyo taarifa mbili hazimsumbui. Wanahabari wakae upande wa joshi, upepo unakotoka.