Namna ya Kumkosa Nyati kwa Bunduki Nzuri

Mwongozo huu ni wa mwindaji mwenye kibali mkononi, bunduki ya bei mbaya begani na haraka moyoni. Mwenye subira aende zake akanywe chai. Tutamwita baadaye atusaidie kumtafuta nyati aliyejeruhiwa.

Umefika kitaluni jana jioni. Bunduki imepanda ndege, kisha imeshinda kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi, darubini yake ikigongana na kreti za soda. Asubuhi mwindaji bingwa anayekuongoza atasema mkalenge karatasi kwanza kabla ya kumfuata mnyama yeyote. Kubali kwa heshima, huku ukijua kwamba anakuchelewesha.

Mafuta uliyopaka ndani ya mtutu ulipoihifadhi bunduki yaache humohumo. Risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta huweza kuangukia mahali pake peke yake, na wewe utaichukulia kuwa ndiyo habari ya kweli kuliko zote. Kisha ulaze mtutu wenyewe juu ya gogo. Atatokea mtu na mfuko wa mchanga, akuambie uuweke chini ya mbao na si chini ya chuma, kwa sababu mtutu hutetemeka risasi inapopita, na kitu kigumu kinachougusa huipotosha risasi. Mwambie gogo halijawahi kulalamika.

Karatasi iko mita 100. Piga. Risasi imeangukia sentimita 5 kushoto? Zungusha darubini hapohapo. Darubini nyingi huhama kwa robo ya dakika ya pembe, yaani kila ukisikia "tik" moja, shabaha imesogea karibu milimita 7 kwa umbali huo. Basi tik 7 zinatosha. Usipige ya pili na ya tatu ili uone kundi zima limekaa wapi. Ya pili ikienda kulia, rudisha. Ya tatu ikirudi kushoto, zungusha tena, na umlaumu aliyetengeneza darubini.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa ndipo ufundi wako utakapoonekana. Baruti huungua kwa zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Nguvu yake, karibu theluthi moja tu ndiyo inayoondoka na risasi. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka na gesi mdomoni au huingia kwenye chuma ulichokishika. Bunduki yako ni .375, ile ambayo Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912 na ambayo kwa Tanzania ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa nyati. Inarusha risasi ya gramu 19 hivi, na mtutu wake umefanywa mwembamba ili mgeni aweze kuubeba kutwa bila kuomba gari. Mtutu mwembamba hupata moto upesi. Piga tano mfululizo, mkono wako wenyewe utakuthibitishia.

Chuma kikipata moto hutanuka. Kingetanuka sawasawa pande zote, tusingekuwa na mwongozo wa kuandika. Lakini mtutu uliobaki na mkazo ndani yake tangu kiwandani hupinda kidogo kuelekea upande wake ukipashwa moto. Na kama mbao ya kitako inaugusa upande mmoja, hiyo nayo inausukuma. Mpindo huo huwezi kuuona kwa macho, ila karatasi inauona: mbili za kwanza zimekaa pamoja, ya tatu imepanda, ya nne imepanda zaidi, ya tano imepanda na kwenda kulia. Majeshi huvalisha hata mizinga ya vifaru (vya chuma, si wale wa Ngorongoro) koti la kuzuia joto, kwa kuwa jua la upande mmoja tu linatosha kuupinda mzinga mnene kama ule. Wewe usijisumbue na makoti. Endelea kupiga.

Ukiona karatasi inacheza ndani ya darubini, hiyo ni hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mtutu. Cheza nayo. Ukitaka kupumzika kidogo upige soga, acha risasi ndani ya mtutu wa moto. Baruti yake ikipata joto huongeza msukumo na mwendo, nawe utapata sababu nyingine ya kuzungusha darubini.

Mzee anayesoma nyayo, ambaye muda wote amekaa kimya kivulini, atasema, "Bosi, iache ipoe kwanza." Anachotaka ni kitu cha kizamani: uitoe risasi, ufungue bolti, uisimamishe bunduki kivulini mdomo ukiwa juu ili hewa ipande ndani ya mtutu, kisha ungoje mpaka uweze kuukamata bila kuruka. Wapo hata wanaopiga moja tu asubuhi mtutu ukiwa baridi, wakaenda zao, wakarudi kesho na karatasi ileile kupiga nyingine moja. Watu hao hawana kazi za kufanya. Mwitikie mzee, "Ahsante, mzee wangu," kisha shusha darubini na uisogeze kushoto mpaka mtutu unaochoma uguse katikati. Piga picha. Sasa una bunduki iliyorekebishwa barabara kwa ajili ya risasi ya 15.

Tatizo ni kwamba kesho saa kumi na mbili asubuhi nyati anapigwa kwa risasi ya kwanza, na mtutu umelala nje na umande. Njia ni mbili: umwombe nyati avumilie kidogo upige kumi na nne hewani, au ulale na bunduki jikoni. Ukishindwa zote, iweke juu ya vile vijiti vitatu vya kuegemezea bunduki na ufyatue hivyohivyo. Risasi itapita chini na kushoto ya pale ulipolenga, kwa sababu huko ndiko ulikoituma jana.

Nyati ataingia kwenye majani marefu akiwa na hasira. Askari wa wanyamapori ataandika kwamba umejeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa ada sawa na aliyeanguka. Baadaye utataka kununua bunduki kubwa zaidi. Nunua, na asikwambie mtu habari za Bell, yule Mskoti wa Karamoja aliyeua mamia ya tembo kwa bunduki ndogo ya milimita 7, eti kwa kuwa alijua risasi yake inaangukia wapi.

Njiani kurudi kambini utaulizwa kimetokea nini. Mtutu usiutaje. Anza na upepo, kisha kiwanda cha risasi, kisha vijiti. Mzee wa nyayo mlaumu mwisho kabisa, mkishafika, maana njia anaijua yeye.