Namna ya Kuendesha Nyumba Bila Kuchosha Akili

Kwanza kabisa, tafuta mtaalamu wako. Usihangaike na bwana shamba wa kata, maana huyo anaweza kuja kweli, na akija ataanza kukuuliza maswali. Mtaalamu bora anaitwa Wanasema. Hana ofisi, hana namba ya simu, hajawahi kukosea, na alihamia mtaani kwako kabla hata kiwanja chako hakijapimwa. Wanasema mti ule unaleta nyoka. Wanasema friji ikizimwa usiku, luku haiishi. Ukishapata kauli yake, kazi ya kufikiri imekwisha. Kilichobaki ni nyundo tu.

Nyundo ni ya mpapai. Unao pale uani, umechanua maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, na papai huoni. Hilo ni dume. Wanasema ukilipigilia msumari shinani, linageuka jike. Wapo wanaoongeza na kulivisha kanga kuukuu, ili mti usiseme haukuambiwa unatakiwa kuwa nini. Piga msumari, kisha subiri, kwa sababu ustadi wote uko kwenye kusubiri. Mipapai dume mingine huwa inabadilika yenyewe, hali ya hewa ikigeuka, na kutoa vijipapai bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo ukipigilia mingi, na ukiwa na subira, siku moja mmojawapo utazaa. Huo ndio wa kuwaonyesha wageni. Kuhusu ile mingine, sema msumari ulikuwa na kutu. Au haukuwa na kutu. Inategemea ulitumia upi.

Ila kuna jambo moja la hatari hapa. Kamwe usiache mpapai dume wa pili, wa umri uleule na udongo uleule, bila msumari. Ukiuacha nao ukazaa, utakuwa umefuga shahidi wa upande wa pili uani kwako, tena unammwagilia maji mwenyewe. Waepuke pia wale wanaopanda miche mitatu kwenye shimo moja, wakangoja maua, wakang'oa madume na kubakiza jike, huku wakiacha dume mmoja mmoja shambani kwa ajili ya chavua. Papai wanakula, sikatai. Lakini hadithi ya kusimulia hawana.

Tuingie ndani. Luku, kama tunavyojua, ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na baba mwenye nyumba ana wajibu wa kuipigania. Pigana na chaja. Kila ukipita sebuleni ukakuta chaja imechomekwa na simu haipo, paza sauti hadi jirani ajue kwamba hapa umeme haupotei. Usithubutu kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya vyombo vyako, kwa sababu yatakuharibia vita. Chaja ya kisasa iliyoachwa bila simu hula chini ya nusu wati. Iache mwezi mzima, haifikishi hata nusu uniti. Jagi la umeme la wati 2,000, ambalo wewe mwenyewe hulijaza pomoni ili upate kikombe kimoja cha chai, likichemsha kwa dakika sita linakula moja ya tano ya uniti. Mara tano kwa siku, hiyo ni uniti nzima. Kwa mwezi ni 30. Lakini jagi lina heshima yake, ni la wakubwa, na chaja ni ya watoto. Mwenye makosa anajulikana kabla hesabu haijapigwa, na ndiyo maana hatuipigi.

(Akitokea mtoto wa darasa la sita akaipiga, mwambie akafagie uwanja.)

Mbu nao wana utaratibu wao. Panda mchaichai pande zote nne za nyumba. Wanasema mbu hawausogelei. Ni kweli kwamba mafuta yake yana harufu wasiyoipenda, na ni kweli vilevile kwamba mafuta hayo yamo ndani ya jani na hutoka vizuri likipondwa, lakini nani ataponda majani usiku kucha? Wewe panda tu. Kisha, ili mchaichai usikauke, weka ndoo ya maji karibu yake, na chungu cha maua chenye sahani chini, na lile tairi chakavu ulilosema utalifanyia kazi. Kwa joto la Dar es Salaam, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi. Mbu aina ya Aedes, ambaye ndiye aliyeeneza homa ya dengue jijini mwaka 2014 na tena 2019, hupenda hasa vyombo vidogo vya namna hiyo, huuma mchana, na mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa chombo hata maji yakikauka. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi, ni lazima chombo kisuguliwe, kila wiki. Hiyo ni kazi ya mikono na haina harufu nzuri. Mchaichai unanukia, na ukikosa kufukuza mbu utachemshwa na chai, kwenye jagi lile lile.

Hatimaye, bustani itakufia. Umemwaga jivu kwenye mchicha kwa sababu wanasema jivu ni mbolea, na ni kweli lina potasiamu. Kwa kuwa kidogo kilisaidia, umemwaga ndoo nzima, ukarudia kila Jumamosi. Udongo umekuwa wa magadi, majani yamegeuka manjano. Hapa usianze kuhesabu ndoo. Sema ni kijicho. Hakuna maelezo yaliyotimia kama hayo: mchicha ukistawi, kijicho kimeshindwa, ukifa, kimeshinda, ukiwa nusu kwa nusu, kinaendelea. Mshukiwa pia yuko karibu, ni mama wa nyumba ya pili, yule aliyesifia matuta yako mwezi uliopita.

Naye, kama ni mfuasi mwaminifu wa Wanasema, usishangae akiacha kukusalimia. Maembe yake yamepukutika machanga wiki ile ile uliyopita ukasema, "Mama, mwaka huu mwembe umebeba!"