Nahau za Kiingereza Zimehamia Kwangu

Nahau za Kiingereza zimehamia kwangu na hazilipi kodi. Ukitaka maji ya baridi, mlango wa friji umebandikwa karatasi ya njano yenye maneno mpaka chini. Kioo cha bafuni kimezibwa na vitenzi, siku hizi nanyoa ndevu kwa kukisia. Hata chooni kuna orodha, na wiki iliyopita mgeni wetu mmoja alikaa humo muda mrefu hadi tukaanza kuulizana kama yuko salama. Kumbe alikuwa anasoma.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Mtihani wa taifa ni Novemba, na mwalimu wake wa tuisheni amewaambia kwamba msahihishaji akikutana na nahau ndani ya insha, mkono wake unalegea, alama zinatoka zenyewe. Sijui hayo ameyatoa wapi. Ninachojua ni kwamba pindi zake zinalipiwa kila Ijumaa, na kila baada ya pindi inakuja pamfleti mpya, imetolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia, nayo ina bei yake kando. Mtoto anataka A, ambayo inaanzia alama 75. Mimi, kwa kuufikiria usingizi wangu, nilimshauri kwamba C inaanzia 45 na nayo ina heshima zake. Mama yake hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo.

Kazi niliyopangiwa ni ya kuuliza. Nimetoka kazini, nimekula, nataka taarifa ya habari ya saa mbili, naletewa kijitabu. "Baba, nisomee orodha A, mimi nitakutajia herufi ya orodha B." Mama yake alijinasua mapema kwa kusingizia macho. Mimi nina miwani, sina pa kukimbilia. Na mdogo wake wa darasa la tatu, ambaye hakuna aliyemtuma, anajibu kutoka jikoni kabla dada mtu hajafungua mdomo. Hapo vita vinaanza, na vita hivyo, utashangaa, hupiganwa kwa Kiswahili fasaha.

Misamiati ya kawaida ningeistahimili. Kinachonichosha ni vitenzi vyenye mkia. Wenyewe wanachukua 'put', kitenzi kipole cha kuweka kitu mahali, wanakifunga 'off' kinakuwa kuahirisha. Wanakifunga 'out', kinazima moto. Wanakifunga mikia miwili, 'up' na 'with', kinakuwa kuvumilia. Hicho cha mwisho nilikielewa haraka kuliko binti yangu.

Wala msinione adui wa Kiingereza. Kiingereza cha Chinua Achebe katika 'Things Fall Apart' nilikisoma nikakifurahia, kwa sababu methali zake zilitoka Igbo na zilinukia viazi vikuu na kola. Hiki cha kwenye pamfleti kinanuka ukungu wa kabati la mtu.

Mwaka 2015, binti huyu akiwa darasa la kwanza, Serikali ilizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliyosema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Nikajisemea, huyu wangu amenusurika. Miaka ikapita, kila kidato akipanda na Kiingereza chake. Mwanzoni mwa 2025, akiwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha nne, likazinduliwa Toleo la 2023 la sera ileile: Kiswahili kibaki msingi, sekondari iendelee na Kiingereza. Nikazima redio, nikaenda kutafuta miwani.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni makaa ya mawe. Jioni moja tulifika kwenye nahau ya kupeleka makaa ya mawe Newcastle. Kijitabu kinasema maana yake ni kupeleka kitu mahali ambako tayari kimejaa tele. Newcastle ni mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na ni kweli, kwa karne nyingi meli zilikuwa zikishusha makaa yake London. Zilikuwa. Ellington, mgodi mkubwa wa mwisho wa kuchimba chini kwa chini katika eneo lile, ulifungwa 2005. Kellingley, wa mwisho wa aina hiyo nchi nzima, ukafungwa Desemba 2015. Septemba 2024 wakazima hata kituo chao cha mwisho cha kufua umeme kwa makaa. Leo ukishusha shehena ya makaa Newcastle hakuna atakayekucheka, pengine utaulizwa bei.

Makaa yenyewe yako kwetu. Malori yanayatoa Mbinga, mkoani Ruvuma, yanateremka nayo mpaka bandari ya Mtwara, na tangu vita vya Ukraine vilipopandisha bei 2022, mengine yamevuka bahari hadi Ulaya. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anakariri, kwa gharama zangu, kwamba makaa yamejaa kwa Waingereza, wakati Waingereza wameshafunga duka na malori yanapita Songea.

Nikamweleza binti yangu yote hayo, pamoja na miaka. Akanisikiliza kwa adabu, kalamu mkononi.

"Sawa, baba. Kwa hiyo jibu ni G?"

"Ndiyo, G."

"Haya, twende ya tano."

Basi waheshimiwa watungaji wa mitihani, nawaomba: kama nahau hiyo imo kwenye hazina yenu ya maswali, itoeni Newcastle, muweke Mbinga. Kwa mwaka huu najua nimechelewa, karatasi zitakuwa zimeshachapwa na kufungwa. Iwe kwa miaka ijayo, maana yule wa darasa la tatu naye atafika kidato cha nne, na kijitabu tayari anakijua chote.