Namna ya Kumtazama Robert Barone: Mwongozo kwa Waliozoea Kumcheka

Tamthilia ya vichekesho ya Everybody Loves Raymond ilianza kuonyeshwa na CBS huko Marekani Septemba 1996, ikafika tamati Mei 2005 baada ya misimu 9 na vipindi 210. Muda wote huo Robert, kaka mkubwa wa Raymond, alikuwa mle mle sebuleni, pandikizi la mtu lenye urefu unaopita mita 2, na bado familia yake ilimpita kama watu wanavyopita nguzo ya umeme. Mwongozo huu unakusudia kumrudishia haki yake. Unahitaji televisheni, kiti na moyo mkunjufu. Fuata hatua zote kwa mpangilio. Usiruke hata moja, maana huyu ameshazoea kurukwa.

Hatua ya 1: Litamke jina la tamthilia kwa adabu

Jina linatangaza kwamba kila mtu anampenda Raymond. Raymond ni mdogo mtu. Robert ndiye kifungua mimba, na kwenye jina la tamthilia hakubakiziwa hata herufi. Angezaliwa kwetu, mama yao Marie angeitwa Mama Robert tangu akiwa uzazini, na mzee Frank angeitwa Baba Robert mpaka siku ya kuzikwa.

Maneno ya jina hilo yalitoka kwenye familia ya kweli. Ray Romano, aliyemwigiza Raymond, ana ndugu aliyekuwa polisi New York. Ndugu huyo ndiye aliyeyasema kwa utani wenye uchungu, akiona sifa anazomwagiwa Ray huku yeye akihangaika na wahalifu mitaani. Kila ukilitaja jina la tamthilia, unarudia lalamiko lake. Kwa hiyo litaje taratibu.

Hatua ya 2: Mwache anayeongea, mtazame anayesikiliza

Marie akianza kumsifia Raymond, macho yako yatamkimbilia yeye. Yazuie. Mtafute Robert, huenda yuko nyuma ya kochi au karibu na mlango, bado amevaa sare ya kazi. Kipindi kilirekodiwa mbele ya watazamaji, na ukumbi ukishapasuka kwa kicheko, hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Katika sekunde hizo kope zake zinashuka, mabega yanalegea, pumzi ndefu inamtoka. Habari nzima ya nyumba hiyo imo ndani ya pumzi ile.

Brad Garrett alimwigiza Robert kwa ukimya kuliko kwa maneno, na ukimya huo ulimpa tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi mara tatu: 2002, 2003 na 2005. Ukimaliza hatua hii, rudia kipindi hicho hicho tangu mwanzo. Utadhani umewekewa kingine.

Hatua ya 3: Kiheshimu kidevu

Kabla tonge halijafika mdomoni, Robert hukigusisha chakula kidevuni. Wengi hucheka hapo. Wewe weka kijiko chini kwanza. Huyu ni mtoto aliyekulia kwenye meza ambayo macho ya mama yalikuwa yanaangalia sahani ya mdogo wake. Mimi kila nikimwona anafanya vile, naona mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia “karibu chakula”, akaamua kujikaribisha mwenyewe.

Hatua ya 4: Orodhesha mambo yake kwenye karatasi

Chukua kalamu. Andika: ni ofisa wa polisi wa New York. Aliwahi kuoa, ndoa ikavunjika, akarudi kuishi kwa wazazi wake, ng’ambo ya barabara kutoka kwa mdogo wake mwenye mke na watoto watatu. Alipata nyumba yake, akahama. Kisha siku moja akiwa kazini alipigwa pembe na fahali, akarudishwa kwa wazazi kuuguzwa.

Isome tena mistari hiyo miwili ya mwisho. Ilibidi apigwe pembe ndipo apate mtu wa kumpelekea supu. Baada ya hapo, ukisikia mtu anasema Robert ni mnung’unikaji, mpe karatasi yako aisome.

Hatua ya 5: Usimchukie Raymond

Kumhurumia mkubwa hakukupi ruhusa ya kumlaani mdogo. Raymond anaandika habari za michezo kwenye gazeti la Newsday, na upendo wa mama yake humfuata mpaka mezani. Marie anaingia nyumbani kwake bila hodi, anakosoa mapishi ya mkewe Debra, anampangia maisha. Kisima ni kimoja, mteko wake ndio mbaya: mtoto mmoja anazama, mwingine anakauka.

Robert hataki kumnyang’anya mdogo wake fungu lake. Hitaji lake ni dogo kabisa: aulizwe siku yake ilikuwaje, na aliyeuliza angoje jibu. Mpenzi wake Amy alifanya hivyo, na wakaoana mwishoni mwa msimu wa 7, mwaka 2003.

Hatua ya 6: Piga hesabu nje ya kioo

Mwaka huo huo wa 2003 iliripotiwa kwamba Romano angelipwa takriban dola milioni 1.8 kwa kipindi kimoja. Garrett aligoma kurudi kazini mpaka malipo yake yaangaliwe upya, na msimu wa 8 ukaanza bila yeye. Kipindi bila Robert kilikuwa na pengo ambalo hakuna kicheko kingelijaza. Alirudi baada ya makubaliano. Fundisho ni moja: anayepitwa kila siku akinyamaza, nyumba haimsikii. Akiondoka, nyumba nzima inageuka kumtafuta. Tusingoje aondoke.

Hatua ya 7: Zima televisheni, chukua simu

Kwetu kifungua mimba hubebwa kwenye jina la mama, na bado anaweza kupotea mbele ya macho yetu. Simu yake inaita ada ya mdogo wake inapodaiwa, bati linapovuja, au msiba unapohitaji mchango. “Kaka, umeshatuma?” “Dada, utatuma ngapi?” Akituma, tunasema asante na kukata. Huyo naye ni Robert, tofauti ni kwamba yeye anapitwa huku akiombwa.

Basi mpigie leo. Mwamkie kama inavyompasa mkubwa. Usiseme una shida. Muulize, “Kaka, wewe mwenyewe unaendeleaje?” Atajibu “salama” haraka haraka, kisha atakusubiri umtajie kiasi unachotaka. Usitaje kitu. Kaa kimya, na mngoje aendelee. Jibu la kweli huja baada ya “salama” hiyo, na anastahili mtu wa kulisikiliza mpaka mwisho.